Foleni ya Wenye Tiketi

Mume wangu Nedo aliuza utumbo kwenye toroli lake pale soko la Sant'Ambrogio tangu hajaota ndevu vizuri mpaka magoti yalipomkatalia. Utumbo wa moto, mkate uliochovywa kwenye mchuzi, na pilipili kwa anayetaka. Naanza na toroli kwa sababu usipolijua toroli hutaelewa yaliyotupata mlangoni mwa makumbusho.

Pale torolini hapakuwa na mstari. Mtu alikuja akauliza kwa sauti, "Wa mwisho nani?" Mwingine akajibu, "Mimi." Basi aliyeuliza akajua yuko nyuma ya nani, akaenda zake kuchagua vitunguu, au kusimama kivulini, au kumsengenya jirani. Zamu yake ikikaribia anarudi, na hakuna wa kumpita. Ndivyo tulivyo hapa mjini Firenze, kwa daktari ni hivyo, posta ni hivyo. Foleni yetu iko mdomoni, haiko miguuni.

Sasa jicho. La kulia lilimfia mwaka juzi. La kushoto lilianza siku za Kwaresima. Alikuwa anakula, akaacha kijiko, akapitisha kidole kwenye ukingo wa meza.

"Iole, hii meza imepinda lini?"

Nikatazama. Meza ilikuwa imenyooka kama siku tuliyoinunua.

Daktari alisema sindano hazisaidii tena. Katikati ya jicho pataingia giza, pembeni patabaki mwanga kidogo wa kumwezesha asigonge milango. Nikauliza lini. Akasema, kiangazi hakitaisha kabla halijazimika. Nedo alimshukuru, akavaa kofia yake, akaanza kushuka ngazi yeye mbele mimi nyuma, mkono wake ukipapasa ukuta kwa namna ya mtu anayeutazama rangi.

Kesho yake nilikuwa namenya maharage.

"Nataka kumwona Maria wa mama," akasema.

Nilijua anachosema. Mama yake, Mungu amrehemu, alikata picha kwenye kalenda ya kanisa akaitundika juu ya kitanda. Maria amekaa dirishani, amempakata mtoto, na mtoto ameshika ndege mdogo kiganjani. Nyuma yao mto, na kinu cha kusagia nafaka. Nedo amelala chini ya picha ile utoto wake wote, na surua aliugulia pale pale. Ilipokufa kalenda kwa unyevu, picha nayo ikaenda. Ila mchoro wenyewe, ule uliochorwa kwa mkono, uko katika makumbusho makubwa kando ya mto. Kutoka kwetu San Frediano ni kuvuka daraja tu. Na maisha yetu yote hatukuwahi kuingia. Watu wanavuka bahari kuja kuona. Sisi tunasema, hayakimbii.

Nikampigia binti yetu Manola, anaishi Torino. Manola akanunua tiketi kwenye mtandao, zile za saa maalumu, zenye majina yetu.

"Mama, hizi hampangi foleni," akasema. "Mnafika saa tatu, mnaonyesha, mnaingia. Niwatafutie na mtu wa kuwatembeza?"

Nedo alikuwa amesogeza sikio kwenye simu. "Mwambie sitaki mtu wa kunieleza ninachokiona."

"Baba, basi ile kadi ya wasioona tungeishughulikia—"

"Mimi naona," Nedo akasema, akaondoka.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Mtaani hakuna aliyejua. Tulipotembea alinishika mkono kama vile yeye ndiye ananiongoza mimi, na watu walisema, tazama Nedo anavyompenda mkewe uzeeni. Fimbo nyeupe aliyoleta Manola ilikaa nyuma ya kabati pamoja na ufagio. Na aliniapisha: usimwambie mtu.

Jambo lingine alilijua yeye na mimi tu. Jicho lile lilikuwa la asubuhi. Akiamka lilikuwa na nguvu, aliweza hata kuona vifungo vya shati. Kadiri siku ilivyopanda lilichoka, likatoa machozi, na lile doa la katikati likavimba. Ndiyo maana tulichukua saa tatu.

Siku yenyewe alivaa koti la harusi ya Manola. Njia nzima alifumba jicho, nikamwongoza.

"Fumbua, kuna ngazi."

"Nalitunza," akasema. "Wewe sema tu ngazi ngapi."

Tulifika mapema. Mlango wa wanaonunua tiketi ulikuwa na watu mpaka kwenye kona, wamekaa chini kama wanangoja meli. Mlango wetu, wa wenye tiketi, nao ulikuwa na watu, wachache kidogo. Nikamweleza.

Nedo akacheka. "Kwa hiyo tumelipia kutokaa kwenye foleni, wakatupa foleni yetu wenyewe. Hawa wangeuza utumbo wangetajirika."

Kisha akainua sauti, ile ile ya sokoni: "Wa mwisho nani?"

Mama mmoja mwenye kofia pana ya ukili akageuka, akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali, akainua na mkono.

"Vizuri, mama. Sisi tuko nyuma yako," Nedo akamwambia. Naye akatabasamu tena.

Nedo akaanza kunivuta kuelekea kivulini, penye ukingo wa mawe.

"Nedo, hawa ni wageni. Tusimame tu."

"Iole, nimeuliza, amejibu. Mtu akishajibu amekushikia nafasi. Magoti yangu hayajui kusimama bure."

Tukakaa. Mawe yalikuwa bado na ubaridi wa usiku. Nedo alifumba jicho, mikono juu ya mapaja, akawa ananiambia atakavyofanya. Ataanza na dirisha, ashuke kwenye nguo ya buluu, halafu mtoto, halafu ndege. Uso atauacha mwisho. "Ukianza na uso," akasema, "vingine huvioni tena." Nikawa nasikiliza, huku naitafuta kofia ya ukili. Ilikuwepo. Likapita kundi la wanafunzi na mwalimu wao mwenye kibendera. Nikatazama tena: kofia za ukili zilikuwa tano, sita, maana jua lilishapanda na kila mtu alishavaa yake.

"Nedo, inuka."

Tulipofika mlangoni yule mama hakuwepo. Ameshaingia. Nyuma ya mahali pake palikuwa na kijana mrefu na mkewe mjamzito. Nedo akawaambia tuko nyuma ya mama wa kofia. Hawakuelewa. Yule kijana, kwa adabu kabisa, akanyoosha kidole kuonyesha mkia wa foleni, ambao sasa ulikuwa umezunguka nguzo.

"Niliuliza," Nedo akasema. "Aliitika. Si aliitika, Iole?"

"Aliitika."

"Basi?"

Kijana akanyoosha kidole tena. Mtu mwingine nyuma akaguna. Nedo akapandisha sauti, akasema torolini kwake mtu wa namna hiyo angekula mkate mkavu. Nami nikawa namvuta koti, maana alikuwa anamsemesha mtu mwingine mwenye miwani wakati kijana amesimama upande wa pili.

Tukaenda mkiani. Tulisimama juani. Alipofumbua jicho lilikuwa limeshaanza kutoa machozi, naye akawa anayafuta kwa kitambaa kana kwamba ni jasho. Tulipofika mbele, mlinzi wa kike mwenye sare, redio ya upepo mkononi, akazisoma tiketi akakunja uso.

"Wazee wangu, hizi ni za saa tatu. Saa imepita. Nendeni mlango ule, mkawaulize dirishani kama watawabadilishia."

Mlango ule ulikuwa ule wa watu waliokaa chini.

"Binti," nikasema, "tulikuwa hapa hapa. Tulikaa kivulini."

"Naelewa, bibi. Ila nikiwapitisha ninyi, na hawa je?"

Nedo akanibana mkono. Aliubana mpaka pete ikaniuma. Nilijua maana yake: usiseme. Nilimtazama jicho lake jekundu, linatafuta uso wa yule binti na halioni pa kutua. Nikapiga hesabu ya mlango ule mwingine: mchana, labda alasiri. Kesho tiketi hazipo, wiki ijayo Manola alisema zimekwisha. Na kiangazi hakitaisha.

"Haoni," nikasema. "La kulia limekufa, la kushoto linakufa. Limebaki la asubuhi, na asubuhi ndiyo hii inaondoka."

Mkono wake ukaniachia.

Yule binti akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Uso wake ukabadilika. "Subiri. Wewe si Nedo? Nedo wa utumbo, Sant'Ambrogio? Mimi Catia, mtoto wa Loriano muuza samaki. Ulikuwa unanipa mkate bila pilipili."

Nedo akageuza uso pembeni.

"Jamani, kwa nini hamkusema? Watu wasioona hawapangi foleni. Yeye na wa kumsindikiza, wanapita mlango wa pembeni, wala hawalipi. Njooni. Kadi ipo?"

"Hana," nikasema.

"Haidhuru, mimi mwenyewe naona. Babu Nedo, nikuletee kiti cha magurudumu?"

Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Watu waliokuwa karibu wakajisogeza kumpisha, hata kijana yule aliyebaki pale anangoja mkewe anywe maji. Nedo akabaki wima katikati ya nafasi ile waliyompa, amenyoosha mgongo.

"Mimi siyo wa mlango wa pembeni," akasema. "Nina tiketi."

"Tiketi imekufa, Nedo," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Jioni soko zima litajua. Loriano ana mdomo kuliko samaki wake."

"Baba naye ana sukari, babu," Catia akasema, "na hataki mtu ajue. Mimi sisemi."

"Umeshaniambia mimi," Nedo akasema.

Catia akaona haya. Nami nikamwambia Nedo, "Basi turudi nyumbani. Amua wewe." Nilimaanisha. Kama angesema turudi, ningemrudisha, na tungekula maharage ya jana.

Mdomo wake ulikuwa unatafuna kitu kisichokuwepo. Mwishowe akauinua mkono wake, akauweka begani kwangu, nyuma, kama wanavyofanya wasioona. Mbele za watu wote.

"Kiti sitaki," akasema.

Catia akatupitisha mlango wa pembeni, akatupandisha kwa lifti, akatuonyesha ukumbi kwa kidole, akarudi kazini. Sakafu iling'aa sana, ikamchanganya. Kila mwanga wa dirisha alidhani ni ngazi. Tulipita Maria wengi, na kila mmoja nilisema, "Siye."

Maria wetu alikuwepo kwenye chumba cha kona. Mdogo kuliko nilivyodhani. Watu wamejaa mbele yake, simu juu. Tukasubiri mpaka wakapungua, nikamfikisha kwenye kamba ya kuzuia watu.

Nedo alitazama mbele. Kisha akageuza kichwa kushoto, kama kuku anayechungulia punje. Akageuza kulia. Machozi yalikuwa yanatiririka tu, si ya huzuni, ni ya jicho. Nikaona linapotazama: ukuta mtupu, pembeni ya fremu. Alikuwa anajaribu kumnasa Maria kwa ukingo wa jicho, na Maria anamponyoka.

"Unamwona?" nikauliza.

"Naona dhahabu ya fremu. Na buluu." Akageuza tena. "Nikimtazama anaondoka."

Nikangoja. Nyuma yetu watu walikuwa wanajazana tena.

"Haya, niambie," akasema.

"Nikuambie nini?"

"Usinifanye niombe mara mbili, Iole. Umeshaniombea mara moja leo, inatosha. Niambie, na usiongeze chumvi."

Nikaanza na dirisha, kama alivyopanga. Nikamwambia jiwe la dirisha limemegeka pembeni. Nikamwambia buluu ya nguo siyo moja, kwenye mikunjo ni nzito kama bilinganya na magotini imepauka. Nikamwambia kinu kina mlango mdogo na mtu mlangoni, mdogo kama siafu, ana gunia. Akasema kwa mama yake mtu hakuwepo. Nikasema hapa yupo.

"Ndege je?"

"Yuko kiganjani. Amefungwa uzi."

"Uzi gani?"

Nikasogea mpaka kamba ikanigusa tumbo. Ulikuwa mwembamba kama unywele. "Mguuni kwa ndege, halafu umezunguka kidole cha mtoto."

"Miaka yote nilijua ndege amekaa kwa hiari yake," akasema. "Ungelinyamazia hilo."

"Si umesema nisiongeze."

"Sikukukataza kupunguza."

Hakucheka, nami sikucheka. Mtu nyuma yangu akanigusa bega, akauliza kwa lugha yetu, "Bibi, mmemaliza?"

"Bado," nikamwambia.

Nedo alikuwa ameinamisha kichwa, sikio upande wangu, kama siku ile ya simu. Mkono wake bado begani kwangu, na ulikuwa mzito.

"Uso," akasema.

Nikautazama ule uso. Sikujua pa kuushika. Kila neno lililonijia lilikuwa la kanisani, na hayo alishayasikia yote. Watu walisukuma, nami nikasimama pale pale mpaka nikapata pa kuanzia, nikaanza na nyusi.