Siku Niliyokatazwa Kuwa na Maoni

Mbuzi wa tatu alijilaza katikati ya barabara ya Mitaboni, akaanza kucheua, na hapo ndipo helikopta ya Safari Rally ilipochomoza juu ya kilima. Shangazi Kamanthe alimsukuma, mimi nikamvuta pembe, na baba mdogo Jeremiah, akiwa ndani ya suti niliyomshonea kwa ajili ya siku hiyo, akamwomba Mungu kwa sauti. Askari wa chifu akapuliza filimbi.

"Rudini nyuma! Hakuna kuvuka mpaka magari iishe!"

Tukarudi, watu watatu na mbuzi watatu kwenye kamba moja. Ng'ambo, hatua ishirini tu, lilikuwa boma la Mzee Musembi, ambaye nilikuwa nimekuja kumwomba binti yake.

Ilikuwa Machi ya mwaka wa tisini na saba, mwaka wa uchaguzi. Siku aliichagua baba mdogo. Alipekua kalenda ya kanisa, akaona Jumamosi hiyo haina harusi wala mazishi, akasema hiyo ndiyo. Kalenda ya kanisa haikuwa na habari zozote za mashindano ya magari.

Mzee Musembi alikuwa ametoa kiti cha sebuleni, akakiweka kando ya barabara na kukikalia kama mgeni wa heshima, ukoo mzima umejipanga nyuma yake. Wayua alikuwa miongoni mwao, amevaa gauni la kijani nililomkatia kwa mkono wangu. Hakunipungia. Aliweka kidole mdomoni.

Nilimwelewa. Mimi ni fundi cherehani, na wakati ule nilishonea kwenye baraza la duka la vitambaa la mama Wangare, mjini Machakos. Baraza lile ndilo lililokuwa bunge letu. Hakuna waziri, bei ya unga wala dereva wa rally ambaye sikumtolea hukumu, pini zikiwa mdomoni. Watu walikuja kupunguziwa suruali wakaondoka na maoni. Wayua alipenda kunisikiliza, lakini wiki hiyo alinikalisha chini. Baba yake alikuwa na msimamo mkali juu ya kila kitu chini ya jua, na mwaka uliotangulia alikuwa amemrudisha mwalimu mmoja wa Kangundo aliyekuja kuposa, akathubutu kusema mbele yake kwamba sukari si ghali. Hakuigusa kamba. Na katika ntheo, yaani mbuzi wale wa kwanza wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, kwetu mambo yote yako kwenye kamba. Baba akiishika kwa mkono wake, mmekuwa jamaa. Asipoishika, mnarudi nayo kwenu.

"Onesmus, hiyo siku usikuwe na maoni," Wayua alinisihi. "Wewe kubali tu kila kitu. Utakuwa na maoni tukishaoana."

Gari la kwanza lilipita kwa kishindo, likatupaka vumbi hadi kwenye kope. Vumbi lilipotua, sauti ya Mzee Musembi ikavuka barabara.

"Wewe fundi! Kati ya ile gari ya buluu na ile nyekundu, gani itashinda?"

Nilikuwa na jibu la nusu saa.

"Ile utasema wewe, baba."

Akakunja uso. "Na sukari? Iko juu ama haiko juu?"

"Iko vile unaiona, baba."

Watu wakaangua kicheko. Gari la pili likapita. Tulipoanza kuonana tena, mzee alikuwa amesimama.

"Na kura? Utapigia nani?"

"Yule wako, baba."

"Na wangu unamjua?"

"Huyo huyo, baba."

Mzee Musembi akakiinua kiti chake. "Jeremiah! Rudi na mbuzi zako. Yule mwalimu alikuwa mjinga, lakini alikuwa na kitu kwa kichwa. Huyu wako, nyumba ikishika moto atangoja jirani amwambie kama kuna moshi!"

Niliogopa vile sijawahi kuogopa maishani. Nilimpenda Wayua, na sasa nilikuwa nampoteza kwa kufuata maneno yake neno kwa neno. Baba mdogo alikuwa ameanza kuvaa kofia. Ndipo Wayua alipowasukuma binamu zake, akafika ukingoni kabisa, akaweka viganja mdomoni.

"Onesmus, sema! Sema yote!"

Nikasema. Nilisema kwamba sukari itapanda tena kabla ya Pasaka, na wanaosema itashuka hawanywi chai. Kwamba kura yangu nitampa atakayeleta maji kwanza, hotuba baadaye. Kwamba gari jekundu litashinda, kwa sababu dereva wa lile la buluu hukanyaga breki kwenye kona kana kwamba amesahau kitu nyumbani. Kila nilipofika penye utamu gari lilipita na kuyameza maneno yangu, na mzee akapaza sauti, "Umesema nini? Rudia hiyo!"

Hilo la breki lilimchoma. Alikiacha kiti kikaanguka, akampita askari na filimbi yake, akavuka barabara mbio mbio, mzee wa miaka sitini na kitu, akanisimamia pua kwa pua.

"Hiyo si breki! Hiyo ni kupunguza gia! Umewahi kuendesha gari wewe?"

"Sijawahi. Na wewe, baba?"

"Sijawahi! Lakini niko na macho!"

"Basi ngoja nikuonyeshe," nikasema. Kuonyesha kona kulihitaji mikono miwili, mmoja wa usukani na mmoja wa gia, kwa hiyo nikampa kamba anishikie. Naye, macho yote kwenye usukani wangu wa hewani, akaishika.

Shangazi Kamanthe akapiga kigelegele kilichowashtua hata mbuzi. Ng'ambo, wanawake wakamjibu. Baba mdogo akavua kofia na kuanza sala ya shukrani kwa kasi ambayo hatukuwa tumeiona siku hiyo, akafika amina kabla mtu hajafumba macho.

Mzee Musembi aliitazama kamba. Akawatazama mbuzi watatu, kisha bintiye, aliyekuwa akicheka na kujifuta machozi. Angeweza kunirudishia. Nilikuwa karibu naye kabisa, mikono yangu ingali hewani.

Akaizungusha kamba mara mbili kwenye kiganja chake.

"Malizia," akasema. "Kwa hiyo kona, umeingia na gia gani?"

Nikaanza kumalizia. Alifariki miaka kumi na miwili baadaye tukiwa bado hatujakubaliana, na kuna hoja yake moja juu ya gia ya tatu ambayo mpaka leo naitafutia jibu.