Makosa ya Kumtegea Mzee

Hadithi ya Kiganja ilianza masika, mvua ikilipiga bati mpaka waliomo ndani wanasemezana kwa kupaza sauti. Aliyeitaka ni mjukuu, msichana wa darasa la sita mwenye mkono mwepesi wa kuchora na mdomo usiojua likizo. Alitaka shujaa wa kumchora, ila hadithi hakuwa nayo, basi akamwagizia bibi yake kama mtu anavyoagiza gauni kwa fundi.

"Bibi, awe na nguvu ambazo watu hawana. Na joho refu!"

Bibi alikuwa ameacha kushona sare za shule, cherehani limefunikwa shuka kwenye kona. Shule yake iliishia ya msingi, lakini mwandiko wake ulinyooka kama mshono. Wala hakusumbuka kumtafuta shujaa. Huyo alikuwa ameketi mbele yake, anapuliza chai iliyokwisha poa zamani: mumewe, aliyepanda nguzo za umeme mpaka akaota mvi, wenzake wakimwita Mzee Koleo kwa sababu koleo lake halikumtoka mfukoni hata harusini. Siku hizo akili yake ilikuwa imeanza kumponyoka. Aliuliza jambo, akajibiwa, akauliza tena kwa adabu ileile.

Basi bibi akaandika habari za Kiganja, fundi ambaye viganja vyake hutoa mwanga, na mtaa ukiingia gizani yeye hupanda nguzo akauamsha. Moyoni alisema: nikimweka kwenye karatasi atajiona, na akijiona atajikumbuka.

Alipowasomea mara ya kwanza alifika pale Kiganja anapofunga joho jekundu ili apande.

"Joho?" mzee akaruka kitini. "Litanasa kwenye nyaya! Msimamizi gani huyo anamwachia mtu kupanda na shuka shingoni?"

"Babu, mashujaa wote wana joho."

"Basi watakwisha wote. Na wewe mchumba wangu, ukiolewa na mwenye joho usiniite mazishini."

"Mwache mke mwenzangu achore," bibi akasema, naye mjukuu kicheko kikamgeuka kikohozi.

Joho likafutwa. Lakini bibi alikuwa ameona kitu. Mzee alipokuwa akisahihisha, mgongo ulinyooka, macho yakarudi mahali pake, na sauti ikawa ileile ya kuwafokea vijana kazini. Tangu hapo akapata namna yake ya kuandika. Katika kila kipande alitega kosa moja, kwa makusudi, kama mtu anavyotega panya. Leo Kiganja kasahau mkanda wa kujifungia. Kesho kaegemeza ngazi kwenye nguzo iliyooza bila kuigonga kwanza asikie inavyolia. Mzee alinasa kila mara.

"Mama watoto, umeishi na fundi miaka yote hii hukujifunza kitu?"

"Kichwa kigumu, bwana. Nielekeze."

Naye akaelekezwa, kwa raha zake zote, yale aliyoyajua kabla mjukuu hajazaliwa.

Kipupwe kilipoingia, mzee alivaa soksi juu ya soksi na kuketi dirishani. Makosa madogo yakaanza kupita bila kuguswa. Ngazi ilikaa vibaya, akanyamaza. Bibi akaongeza ukubwa wa makosa, kama mtu anayepaza sauti kwa anayezidi kwenda mbali. Kuna siku badala ya kusahihisha, mzee alimkazia macho.

"Huyu mwanamume ni nani?"

"Yupi?"

"Huyo Kiganja wako. Asubuhi Kiganja, jioni Kiganja. Anakuja hapa nikiwa kazini?"

Bibi akaiweka karatasi chini. "Ni wewe, baba watoto."

Mzee akavitazama viganja vyake, mbele na nyuma. "Mimi? Mimi sijawahi kuwa hodari hivyo." Kisha akaongeza kwa upole, "Lakini kama ni mtu mzuri, sina ugomvi naye."

Binti yao, msusi mwenye saluni nyuma ya kituo cha mafuta, alimkuta mama yake jikoni akifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Mama, daktari alishatuambia. Hicho kinachokwenda hakirudi. Unajichosha bure."

"Sijachoka."

"Umechoka. Tazama macho yako."

"Ni vitunguu."

"Vitunguu viko wapi?"

Havikuwepo.

Kiangazi vumbi likatanda hadi kwenye mchele. Ukuta wa sebule ulijaa picha za Kiganja, na shujaa alizidi kuota mbawa za sifa: amezuia dhoruba kwa kifua, ameinua lori kwa bega moja. Bibi aliandika huku akijipepea kwa karatasi zilezile, na kila alipotua kalamu alijiuliza mambo ya ajabu. Ninaweza kumpa huyu mtu jua lote kiganjani, na siwezi kumpa yule aliyelala chumbani asubuhi moja ya kujua mlango wa choo. Kalamu ni yangu, karatasi ni yangu, hakuna mhariri wa kunibishia. Basi mbona?

Mvua za vuli zilipoanza, akaandika kosa kubwa kupita yote, lile ambalo mzee alikuwa akiwafukuzia vijana kazini. Alisita kabla ya kuliandika, kana kwamba anamsukuma mtu halisi. Akaja kuketi kando ya mumewe, mkono mmoja kwenye goti lake, akasoma taratibu.

"Mvua ilikuwa inanyesha. Kiganja alikuwa amelowa chapachapa. Hakukata umeme. Hakupima. Glavu aliziacha chini. Akanyoosha mkono mtupu, akaushika waya."

Akainua macho amtazame mumewe. Mjukuu naye aliacha kuchora. Nje maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye mfereji wa paa.

Mzee alitabasamu. "Nzuri. Endelea."

"Ameshika waya, baba watoto. Mkono mtupu."

"Nimesikia. Endelea basi, inanoga."

Hapakuwa na kuendelea. Karatasi ilikuwa imeishia hapo, kwa kuwa bibi aliamini kabisa hapo ndipo atakapokatizwa. Aliigeuza upande wa pili, mweupe.

"Huyo fundi," mzee akauliza, "ana mke?"

"Anaye."

"Yuko wapi?"

"Yuko chini ya nguzo. Anamtazama."

"Hawezi kupanda?"

"Hajui kupanda. Yeye ni mshonaji."

Mzee alitafakari, midomo ikichezacheza. Kisha akasema, bila kufoka, "Mwambie asimguse. Mtu akinaswa na umeme humgusi kwa mkono. Watakwenda wote."

"Sasa afanyeje?"

Bibi alimsubiri. Mjukuu alimsubiri. Mzee aliangalia dirishani kwenye mvua, akageuka na kumtazama mkewe kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.

"Nani afanyeje?" akauliza.

Bibi hakuuondoa mkono kwenye goti la mumewe.