Pombe ya Radhi Iliyobaki Mtungini

Mama alizikwa Jumanne. Ijumaa yake ukoo wa Fidele ukaja na mtungi.

Naandika kabla sijasahau nani alisema nini. Fidele ni dereva wa bodaboda hapa Busunzu. Alinibaka nikitoka gulioni, kwenye njia ya migomba inayoteremka mtoni. Nilipofika nyumbani nilitaka maji. Mama akaninyang'anya ndoo.

"Usioge, mwana wanje, mwanangu. Ukioga, yeye ndiye umemsafisha."

Tukaenda vilevile, nimejifunga kanga yake, polisi wakatupa PF3, fomu ya matibabu, tukaingia hospitali. Njia nzima alikuwa akikohoa. Kifua hichohicho ndicho kilichomwondoa, siku chache kabla sijaitwa kutoa ushahidi mahakamani Kibondo.

Fidele alikuwa nje kwa dhamana, na utetezi wake ulijulikana kijiji kizima: siku ile alikuwa Kasulu kununua tairi. Alikuwa hata na mtu wa kumshuhudia.

Mjomba Didas, kaka yake mama, ndiye aliyewakaribisha. Mzee Melkiadi, baba yake Fidele, akaketi kwenye mkeka wa matanga kama mfiwa, Fidele nyuma yake. Mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa mbele yangu.

"Careen," mjomba akasema, "aliyekuwa anakupigania tumemzika. Kunywa, yaishe. Huko mahakamani watakuvua nguo mara ya pili."

"Mjomba, kesi si yangu. Ni ya Jamhuri. Mimi ni shahidi tu."

"Basi Jamhuri ije ikupalilie maharage," akasema Melkiadi. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

Kwetu pombe ya radhi hainywewi kimya. Mwenye kosa hushika mtungi kwa mikono miwili, akataja alichokosa mbele ya watu, ndipo aliyekosewa anapokea mrija na kunywa. Bila hivyo ni pombe kama nyingine. Wao walitaka tuiruke sehemu hiyo.

"Mrija nitapokea," nikasema. "Ila ataje."

"Ya nini, na wote tunajua?" Melkiadi akauliza.

"Mzee, kama hii ni ya msiba, asanteni, iwekeni pale na nyingine. Kama ni ya radhi, ataje."

Bibi mmoja jirani akasema kutoka pembeni, "Ni haki yake. Tangu lini radhi ikawa bubu?"

Mjomba akainamisha kichwa. Kwenye mila hana ubishi. Melkiadi akamgusa mwanawe begani. "Taja, twende zetu."

Fidele akashika mtungi. "Nimemkosea Careen. Nilimwingilia kwa nguvu, kule migombani. Naomba radhi."

"Siku gani?" nikauliza.

"Ile uliyokwenda polisi na mama yako."

Mjomba akaninyooshea mrija. Nikaupokea, nikaulaza juu ya mdomo wa mtungi.

"Nimesikia," nikasema. "Sasa na hakimu asikie."

Waliondoka bila kuaga. Mjomba aliniambia nimeuaibisha ukoo mbele ya kaburi bichi, na hakula nyumbani kwetu tena.

Jumatatu nilimsimulia wakili wa serikali. Anaitwa Mwanaheri, mtu wa Tanga, na ilibidi nimweleze hata mrija ni wa nini.

"Alisema mwenyewe? Hakupigwa, hakutishwa?"

"Hakuguswa, ila na mkono wa baba yake begani."

"Neno lako peke yako linatosha likiaminiwa. Lakini nani mwingine alisikia?"

"Mjomba. Kwa ajili yangu hatakuja. Mahakama ikimwita, atakuja."

Kesi za namna hii husikilizwa milango imefungwa. Nilieleza yote, hadi ya mtungi, nikimwangalia Fidele. Wakili wake akasimama.

"Mrija uliupokea, binti?"

"Niliupokea."

"Kwa hiyo mlipatana."

"Sikunywa."

"Mteja wangu alitamka yale kulinda amani ya msiba tu. Si kweli?"

"Kama alikuwa Kasulu, aliniomba radhi ya nini?"

Hakimu akaandika. Fidele akatazama viatu vyake.

Mjomba alikuja na koti lake la kanisani. Hakuniangalia. Wakili yuleyule akamuuliza kama si mila iliyomlazimisha kijana kukiri.

"Mila haimlazimishi mtu kutaja asilolifanya," mjomba akasema. "Ingekuwa hivyo, tungekuwa tumeshaomba radhi kwa makosa ya wezi wote wa mkoa huu. Mimi nilitaka yaishe, mheshimiwa. Lakini nilisikia, na masikio ni yangu."

Zamu ya shahidi wa tairi ilipofika, hakuonekana.

Hakimu alisoma hukumu: miaka thelathini jela. Nje, Melkiadi alinizuia njia.

"Umemzika mwanangu akiwa hai, na pombe yetu ukaikataa."

"Mtungi wenu upo, mzee. Njooni mchukue."

Hawakuja. Pombe ilikuwa imeshachacha, mrija bado umelala juu yake. Niliimwaga, nikauosha mtungi, nikauweka mlangoni ambako kila apitaye anauona.

Siku ya gulio nilijifunga kanga ya mama, nikapita njia ya migomba mchana kweupe. Akina mama waliokuwa wakiteka maji mtoni waliacha kuongea. Niliwasalimu wote, mmoja mmoja, hadi wakaitikia.