Gundi ya Uji

Kashindye binti Malimi alikuwa na hasira za kurithi, na hakuwahi kuzionea haya. Marehemu baba yake, aliyeshuka na ng'ombe kutoka Usukuma mpaka bonde la Usangu, alisifika kwa kumrudisha mgeni mlangoni kwa kosa la kuchelewa kusalimia. Binti hakuchunga ng'ombe. Alifungua hoteli ya chai na wali kando ya lami pale Chimala, akachunga madereva. Na madereva, kwa maneno yake mwenyewe, ni wabishi kuliko fahali, maana fahali hajui kuandika.

Kuandika ndiko kulikoleta kesi zote. Mezani, karibu na dirisha, palikuwa na kaunta buku nene iliyofungwa kwa kamba ya katani ili isiibwe. Ilianza mwaka sabini na tatu. Dereva mmoja wa Ndola aliandika kuuliza kama daraja la Igawa linapitika, na mwingine wa Dar es Salaam akamjibu kwa chini. Tangu hapo hawakuacha. Waliandika Wazambia, Wamalawi, Wakongo wa Lubumbashi, Wasomali wa Mombasa na Watanzania wa kila kabila. Anayekwenda anauliza, anayerudi anajibu. Mmoja anasema ukishuka mlima usiguse breki, mwingine anambishia ukurasa mzima, na wa tatu akipita wiki inayofuata anakuta ugomvi bado wa moto, naye anatia kuni zake. Watu ambao hawajawahi kuonana walijuana kwa mwandiko. Wasiojua kusoma, Kashindye aliwasomea kwa sauti huku akikanda unga wa chapati.

Sheria zilikuwa ukutani, kwa mkaa, kwenye ubavu wa boksi. Mtu aandike jina lake la kweli na atokako. Aliyeulizwa ajibu kwanza ndipo abishane. Na ile kubwa, iliyopigiwa mistari miwili: hakuna kutukana mtu, kabila wala nchi. Ukitukana, Kashindye anakata kipande cha mfuko wa saruji, anakipaka gundi ya uji wa sembe, anayafunika maneno yako. Kisha jina lako linapanda mlangoni kwa chaki, na safari tatu hukanyagi ndani; chai yako unainywea nje, umesimama. Kubandua karatasi ilikuwa mwiko kwa kila mtu.

Ukali huo haukutoka hewani. Mwezi wa kwanza mwaka ule, sabini na sita, Gideoni, Mnyakyusa wa Tukuyu, alipigana kwa spana na dereva wa Kitwe kwa sababu ya mstari mmoja tu uliosema Wanyakyusa wanaendesha gari kama wanaokimbiza mkungu wa ndizi usidondoke. Benchi mbili zilivunjika na sufuria ya mchuzi ikamwagika yote. Katibu kata alikuja jioni ile ile, akatazama sakafu, akasema, "Mama, ikitokea tena, nafunga." Kashindye alikuwa mjane asiye na shamba. Hoteli ile ndiyo ilikuwa shamba, na ndiyo ilikuwa mume. Basi tangu siku ile bakuli la gundi halikukauka.

Jumatatu ya pili ya Machi, asubuhi, alipita Jailos, dereva Mbemba wa Ndola, akipeleka mbolea kwao Zambia. Lake lilikuwa gari la kwanza kutoka mashariki baada ya mvua ya siku mbili. Wenzake wote walibaki Ruaha Mbuyuni wakiogopa kuupanda mlima Kitonga. Alikunywa chai haraka, akaandika kwa muda mrefu kuliko alivyokunywa, akaondoka akicheka peke yake.

Kashindye hakumpenda Jailos, na alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia, siku ya kumzika mzee Malimi, mtu yule alikuja na lori lake, akajilaza kando ya kaburi mbele ya waombolezaji wote, akadai hainuki mpaka arithishwe ng'ombe dume mwenye pembe ndefu. Ngolo, mdogo wake Kashindye, ambaye naye ni dereva wa njia hiyo hiyo, alicheka machozi yakimtoka. Kashindye alikuwa jikoni na mwiko mkononi. Alitaka kutoka nao. Alimhesabu Jailos kuwa mlevi tangu siku ile, na hakumsamehe.

Sasa akafungua kitabu, akasoma:

"Ngolo wa Malimi, mchunga ng'ombe uliyeiba usukani. Baba yako alikufa bila kukufundisha kitu ila kufuata mkia wa ng'ombe."

Hapo hapo hasira zikampanda puani. Baba yake, ambaye mwaka haujamaliza kumpitia juu ya kaburi. Hakuendelea. Mtu akishakutukania marehemu baba yako unataka kusoma nini tena? Alikata karatasi kubwa, akaipaka gundi mpaka ikachuruzika, akaufunika ukurasa mzima kuanzia juu hadi kwenye sahihi, akaukandamiza kwa kiganja. Kisha akaenda mlangoni na chaki, akaandika JAILOS, NDOLA kwa herufi za kusomeka toka barabarani. Nisiseme uongo: alijisikia vizuri. Aliuita ule utekelezaji wa sheria, lakini mwamba ngoma huvutia kwake.

Mchana Ngolo akaingia. Alikuwa anatoka Zambia na shaba, anakwenda Dar es Salaam, na usiku angelala nyumbani kwake Kihesa, Iringa, kwa mkewe Roza. Alisalimia kwa Kisukuma, akavuta sahani ya wali, na kabla hajaweka tonge la pili macho yakafika mlangoni.

"Dada, Jailos kafanya nini?"

"Katukana."

"Kamtukana nani?"

"Wewe. Na baba."

Ngolo akacheka. Akavuta kitabu, akaona ukurasa umezibwa wote kama dirisha la nyumba iliyohamwa.

"Dada, yule mtani wangu."

"Utani wa wapi? Msukuma na Mbemba wametaniana lini?"

"Tangu alivyonivuta kwenye matope pale Igawa, mwaka juzi. Alinitukana toka saa mbili mpaka saa tisa, na mnyororo wake ukakatika mara tatu, hakuniacha. Tukaapa kuwa watani. Wewe ulifikiri kwenye msiba alikuja kwa pombe? Alikuja kufanya kazi ya mtani. Kaendesha toka Tunduma hajalala."

"Utani ni wa makabila yaliyopigana vita yakapatana," Kashindye alisema. "Siyo wa watu wawili waliokutana topeni. Hata kama ni utani, kitabu hiki kinasomwa na watu wa nchi tano. Leo nikimwachia yeye kwa sababu ni mtani wako, kesho Gideoni atasema na yeye ana mtani. Halafu spana. Halafu katibu kata."

"Basi nibandue kidogo nisome, nirudishe."

"Gusa, na jina lako linapanda pale."

Hotelini kulikuwa na madereva wanne, na wote waliacha kutafuna. Ngolo alikuwa ameshaingiza ukucha chini ya pembe ya karatasi. Uji ulikuwa haujakauka vizuri, angevuta tu. Alimtazama dada yake, aliyemlea tangu mama yao afe, akauondoa ukucha.

"Kitabu hiki tulikianzisha tuonyane njia," alisema. "Hatukukianzisha ili utuchunge."

"Mimi ndiye ninayefuta damu mkipigana."

Hakumaliza wali. Aliondoka bila kuaga, na mlio wa gari lake ulisikika umbali mrefu likibadilisha gia kwa ghadhabu. Kashindye akawageukia wale wanne na kuwauliza wanatazama nini.

Jumatano, saa nne, Didas, dereva wa basi la Iringa kwenda Mbeya, alisimamisha basi mbele ya hoteli ingawa hapakuwa na abiria wa kushuka. Aliingia amevua kofia.

"Dada Kashi, kaa chini kwanza."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Ngolo kaanguka Kitonga jana asubuhi. Yu hai. Yuko hospitali Iringa. Mguu wa kulia wameukata."

Kashindye aliuliza alikuwa na mwendo gani. Alikuwa anatafuta mtu wa kumkasirikia, na aliyekuwa karibu ni mgonjwa mwenyewe.

"Wala hakuwa na mwendo," alisema Didas. "Kona ya tatu mvua imekula barabara kwa chini. Ukiwa juu unaona lami nzima, kumbe ndani ni tundu. Alikuwa upande wa bondeni, ikakatika naye. Kama angetokea mtu wa kumwambia tu."

Basi lilipoondoka, Kashindye alilitazama lile boksi la sheria, kisha kitabu, kisha akaweka birika jikoni. Aliushika ukurasa juu ya mvuke mpaka vidole vikababuka, gundi ikalainika, karatasi ikatoka. Akasoma alipokuwa ameachia:

"Kwa hiyo nisikilize mimi, baba yako mdogo. Kona ya tatu ukishuka Kitonga, lami imeliwa kwa chini upande wa bondeni. Inakudanganya, inaonekana nzima. Tangu kileleni shika gia ya kwanza, lala ukutani mwa mlima. Dada yako awasomee na wengine wote wanaoshuka. Ukifa nani atanipa ng'ombe wangu? Jailos, Ndola."

Alimlaani Jailos kwa sauti. Kwa nini mtu mwenye jambo la kufa na kupona aanze na mkia wa ng'ombe? Kwa nini asiandike kama watu? Alimlaani na Ngolo, aliyekuwa na ukucha tayari chini ya karatasi, mwanaume mzima, akaogopa chaki. Aliwalaani wote mpaka akakosa wa kulaani, akabaki yeye na bakuli la gundi. Alilirusha nje, mbwa wakalilamba.

Alhamisi alifika Iringa na kitabu ndani ya kitenge. Roza alikuwa kando ya kitanda, hajabadili nguo tangu Jumanne. Ngolo alikuwa amekonda usoni kwa siku mbili kama aliyeugua mwezi. Shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ungepaswa kuwa, na Kashindye alijilazimisha kupatazama.

"Umekuja nacho," Ngolo alisema. "Nisomee."

Akamsomea. Kwenye mchunga ng'ombe aliyeiba usukani Ngolo alitabasamu. Kwenye mkia akacheka kabisa, akashika ubavu kwa maumivu. Dada yake aliposoma kona ya tatu, kicheko kikakoma. Alisoma mpaka mwisho, mpaka Ndola.

Ngolo akauliza, "Siku ile uliyofunika, ulisoma mpaka wapi?"

Angeweza kudanganya. Hapakuwa na shahidi.

"Mkia wa ng'ombe."

"Mstari wa pili."

"Ndiyo."

Ngolo aligeuza uso ukutani. Kashindye alingoja atukane. Aliliomba hilo tusi. Halikuja. Aliyesema ni Roza, polepole, bila kupandisha sauti.

"Wifi, chukua kitabu chako uondoke nacho."

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya kwa kila aliyekunywa chai Chimala. Kashindye alimfokea mwenye kusifu chapati na mwenye kuzikosoa. Madereva waliandika kwa woga, salamu na hali ya hewa tu, na kila aliyeshuka mashariki alisomewa ile kona ya tatu atake asitake, hata aliyekuwa ameshaisoma mwenyewe. Jina la mlangoni hakulifuta. Kila alipoinua kitambaa aliona kwamba akilifuta, itabidi aeleze.

Jumamosi lori la Ndola lilisimama. Jailos alishuka na kifurushi cha kapenta, dagaa wa kwao, kilichofungwa kwa gazeti, akafika kizingitini, akaliona jina lake. Akapiga makofi kwa furaha.

"Mayo, mama yangu, leo mimi ni mtu wa nje!" Hakuingia. Alisimama pale pale sheria ilipomtaka asimame, hata mguu mmoja haukugusa kivuli cha mlango. "Hizi ni za mtani wangu. Mwambie ni chakula cha watu, siyo maziwa ya ndama. Alisoma maneno yangu?"

Kashindye alitamani sana mtu huyu awe na tusi moja la kweli mwilini. Angelishika hilo. Alichukua kitambaa kilicholowa, akapita mbele yake, akaufuta mlango mpaka ubao ukabaki na maji. Kisha akamweleza yote, akianza na ule mstari wa pili, na hakujipunguzia kitu.

Jailos alisikiliza akiwa ameshika kifurushi kwa mikono miwili. Alipomaliza kusikiliza alikiweka chini, akaingia ndani, akakaa mbele ya kitabu na kuvuta kalamu. Hakucheka wakati wa kuandika. Aliandika kidogo, akatia jina lake la kweli na atokako, akatoka bila kumtazama, na lori likaondoka kuelekea Iringa.

Hotelini kulikuwa na madereva sita. Wawili walikuwa wamekwishayaona maneno yale kwa juu ya bega, nao waliinamisha vichwa kwenye vikombe. Mzee Saulo wa Lilongwe, ambaye hakujua kusoma, aliuliza kama alivyozoea kuuliza.

"Ameandika nini, mama?"

Kashindye alikivuta kitabu. Mkono wake, kwa mazoea, ulitafuta bakuli la gundi juu ya rafu, na bakuli halikuwapo. Akasafisha koo, akawasomea kwa sauti ile ile aliyowasomea siku zote:

"Mama mwenye kitabu hiki amemkata mdogo wake mguu kwa gundi ya uji. Msimpe karatasi tena. Jailos, Ndola."

Mzee Saulo hakusikia vizuri mwanzo wake, akaomba arudie. Akarudia.