Mchinjaji kwenye Banda la Shangazi

Mwuza nyama mstaafu akija kuomba kazi ya bure kwenye kituo cha kuokoa wanyama, mtu mwenye akili timamu afanye nini? Mwenye kituo, ambaye wote walimwita Mama Mabanda, alimtazama yule mzee kuanzia kandambili hadi kofia, akisubiri acheke, maana lazima ulikuwa utani. Mzee hakucheka.

"Nimechinja miaka thelathini, mama," alisema. "Sasa nataka kulisha tu."

Angemfukuza palepale, lakini vibarua walikuwa wameondoka, na mdogo wake, ambaye ndiye pekee aliyebaki kumsaidia, alikuwa hoi bin taabani. Punda watano, mbwa ishirini na kitu, tumbili mwenye mkono mmoja, swala aliyegongwa na gari, na ng'ombe kumi waliookolewa njiani kwenda machinjioni: wote hao kwa wanawake wawili! Mzee akapewa ndoo. Mama Mabanda naye akajiongezea kazi nyingine, ya kumchunga mzee.

Sababu za kumshuku hazikukosekana. Mbwa walimpenda kupindukia, hata yule mkali asiyetaka kumwona binadamu, na kila mtu anajua mbwa hufuata nini kwa mwuza nyama. Halafu ile mikono. Kila alipopita karibu na ng'ombe, mikono ilipapasa mgongo, ikashuka ubavuni, ikabonyeza hapa na pale. Mama Mabanda alishaiona mikono ya namna hiyo mnadani. Ilikuwa inapima kilo.

Aliyepapaswa kuliko wote ni Shangazi, ng'ombe kipofu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hapakuwa na ndoo, mfuko wala mazungumzo asiyochomeka pua yake. Mama Mabanda alimpenda kwa upendeleo wa wazi, na hakuona haya.

Basi tangu wiki ile mzee alipoingia, Mama Mabanda aliamua chakula cha ng'ombe kisiguswe na mtu ila yeye. Marobota ya nyasi kavu yaliyokuwa yakifunguliwa na mdogo wake, sasa aliyafungua mwenyewe asubuhi na mapema, mbio mbio, waya kwa plaisi, kacha kacha, nyasi zote horini kabla mzee hajafika.

"Dada, hata mimi huniamini?" mdogo wake aliuliza.

"Wewe nakuamini. Ila unaongea naye sana."

Baada ya miezi miwili Shangazi akaanza kukonda. Alisimama amepinda mgongo, akibakiza nusu ya chakula. Mama Mabanda hakuhitaji kuambiwa: kabla ya mzee, ng'ombe mzima, baada ya mzee, ng'ombe mgonjwa. Akampigia simu daktari wa mifugo. Daktari alikuwa mbali, kwenye chanjo, akaahidi kufika Ijumaa.

Jumanne akamfumania mzee bandani. Mkono mmoja umeshika taya la Shangazi, wa pili unaingia mdomoni, na katikati ya vidole kitu cheusi.

"Toa mkono! Unampa nini?"

"Sumaku, mama. Huyu amemeza chuma. Nikimbonyeza nyuma ya nundu anaguna. Sumaku ikikaa tumboni inakishika hicho chuma, kisitembee. Nilitaka kukwambia, lakini kila nikifungua mdomo unanipa kisogo."

"Sumaku! Miaka kumi na minne naokota wanyama, sijasikia ng'ombe analishwa sumaku. Umejifunzia wapi?"

"Tumboni mwao," mzee alisema kwa upole. "Nimetoa humo misumari, sarafu, hata funguo."

Jibu hilo lilimchefua. Akampokonya sumaku, akaivurumisha nje ya ua, akamwonyesha lango. Mbwa wakamsindikiza mzee hadi mwisho wa seng'enge, wasaliti wakubwa wale.

Alhamisi Shangazi alilala, hakuamka tena. Mama Mabanda alilia kwa sauti mbele ya punda, kisha akapangusa pua na kumpigia daktari.

"Usiwape wengine kitu mpaka tujue," daktari alisema. "Kama ni sumu, wote wamo hatarini. Na kwa jua hili mzoga hautanisubiri. Tafuta mtu anayejua kufungua tumbo la ng'ombe."

Alimjua mmoja tu. Alipomtuma mdogo wake kumwita, shaka yake haikuwa imepungua hata chembe. Afungue mbele yangu, aliwaza, nimwone uso akiifikia sumu yake.

Mzee alikuja mikono mitupu. Visu vyake alikuwa amevigawa siku alipoacha kazi. Mama Mabanda akaenda jikoni mwenyewe, akamletea kisu cha kukatia mboga, akasimama hatua moja kutoka kwake. Hakutazama nyama, alitazama uso. Ndiyo maana aliona. Karibu na moyo vidole vya mzee vilisimama, vikavuta kitu, na uso ukabadilika. Akafumba kiganja upesi.

"Msumari," alisema bila kuinua macho. "Wa zamani. Alikuja nao huko alikotoka. Hakuna sumu, mama. Hao wengine nitawakagua mimi."

Alikuwa anadanganya. Mama Mabanda alikuwa ameusubiri uongo wa mzee huyu tangu siku ya kwanza, na sasa ulikuwa umefika.

"Fungua mkono."

"Mama, achana nao."

"Nimesema fungua!"

Ulikuwa waya. Haukufika urefu wa kidole, haukuwa na kutu, na ncha yake ilikatwa mshazari, jinsi plaisi inavyokata. Mdogo wake akajiziba mdomo. Yeye alikuwa akizisokotoa nyaya za marobota taratibu na kuzitundika ukutani zikiwa nzima.

Mama Mabanda akauchukua ule waya. Mtu aliyemfukuza kama mwizi alikuwa anamfichia aibu yake.

"Ni mimi," alisema kwa sauti, ili mdogo wake asikie vizuri. "Shangazi nimemuua mimi."

Mzee hakumkatalia. Alikifuta kisu kwenye nyasi, akakiweka chini.

"Wamebaki tisa," alisema, "na wote wamekula hori moja. Tuanze na nani?"