Pipa la Nyuma ya Ngazi

Utando ulielea juu ya divai, wa kijivu, mwembamba kama ngozi ya maziwa yaliyosahaulika jikoni. Niliumulika kwa tochi. Toka mdomo wa pipa hadi kwenye ule utando palikuwa na hewa tupu, shubiri nzima. "Pole," nikaliambia pipa. "Mzee kakusahau." Nikaenda kuchukua jagi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Shule niliiacha nikiwa na kumi na sita, na tangu hapo nililelewa na mapipa, kwetu Ufaransa, upande wa Beaune, ambako hewa ni adui wa divai, na pipa lisilojaa ni aibu kama suruali iliyochanika nyuma. Jura, mkoa wa jirani, nilifuata kazi. Nikabaki kwa sababu ya Noémie, binti wa Mzee Anselme. Mzee mwenyewe hakunipenda wala hakunichukia. Aliniita Bwana Haraka.

"Bwana Haraka, divai haina miguu. Unaikimbiza wapi?"

Divai yake ya njano ilikaa darini, mapipa kumi na moja, kila moja na alama ya chaki. Hayo niliyajua. Hayajazwi, hayaguswi, miaka sita na miezi mitatu. Divai inapungua kidogo kidogo, inajifunika utando wake yenyewe, na huo utando ndio unaoipa ladha ya kokwa za jozi. Chini kulikuwa na divai nyeupe za kawaida, nazo nilizijaza kila Jumatatu. Na huko huko chini, nyuma ya ngazi, kulikuwa na pipa moja lisilo na chaki. Mke wa mzee, Huguette, alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na tangu hapo mzee alikuwa akisahau mengi. Nikadhani na hilo ni mojawapo.

Novemba hiyo alienda hospitali mjini Lons kupasuliwa goti. Asubuhi nilipokuwa nashuka, Noémie alikuwa jikoni.

"Bastien, lile la nyuma ya ngazi..."

"Najua, najua. Mimi nimezaliwa ndani ya pipa."

Akacheka. "Ndiyo maana unanuka."

Ngazi ni kumi na mbili tu. Ningezipanda nikamuuliza alitaka kusema nini.

Badala yake nilimimina jagi baada ya jagi, zaidi ya lita sitini, nyeupe ya mwaka jana, ile nzuri. Utando ulipanda, ukapasuka vipande, vingine vikazama, vingine vikatokea mdomoni. Nikavifuta kwa kitambaa. Nikagonga kizibo, nikapiga mluzi. Mzee akirudi, nikasema moyoni, atajua kapata mkwe.

Alirudi Alhamisi na magongo mawili. Hata koti hakuvua. Alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, akiitukana kila moja kivyake. Akang'oa kizibo, akaingiza bomba lake la kioo la kuonjea. Halikwenda mbali. Divai ilikuwa pale pale mdomoni.

"Nani?"

"Mimi, mzee. Ulikuwa umelisahau."

Hakupiga kelele. Ni Noémie aliyesema, kutoka juu, sauti imekwisha: "Zile ni zabibu za mama, Bastien. Mavuno yake ya mwisho. Alichuma na kitambaa kichwani, nywele zote zimeshatoka. Baba akaziweka peke yake, si za kuuza. Ilibaki miezi miwili lifunguliwe."

Nikakichukua kile kitambaa nilichofutia utando, nikakificha mfukoni.

"Pika kuku," mzee akamwambia binti yake.

"Baba, si leo."

"Leo. Tukingoja Januari, mama yako atakuwa kishafutika humo."

Alipika kama mama yake: kuku kwenye krimu, uyoga wa msituni, na divai hiyo hiyo ndani ya sufuria. Jibini ya Comté mezani, jozi kwenye bakuli. Glasi tatu.

Divai ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonimaliza. Nzuri, changa, safi, na ile ladha ya jozi ikisikika kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde na upepo unairudisha sauti yake. Mzee alifumba macho, akakaa hivyo, kama anayesikiliza mlangoni.

"Umempata?" Noémie akauliza.

"Kidogo." Akafumbua macho. "Kisha kaondoka."

"Mzee," nikasema, "nitukane."

Akachukua paja, akaliweka kwenye sahani yangu. "Kula. Kuku hana kosa."

Niliondoka Jumapili, na hakuna aliyenifukuza. Miaka minane sasa. Watu huniuliza kwa nini sirudi Jura, nasema kule baridi sana. Siwaambii kuhusu Noémie kwenye ile meza, alivyoimaliza glasi yake taratibu bila kunitazama, akajimiminia nyingine, akanywa, akajimiminia tena, akimtafuta.