Ulimi wa Mama Zehra

Mjini Iringa, chevda ya kina Firoz, kile kitafunwa cha dengu na karanga za kukaanga, haikutoka karakanani mpaka Mama Zehra aionje. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za marehemu mumewe, Mzee Aamir. Mama akitikisa kichwa, hata kama mifuko imeshafungwa, kazi inaanza upya. Nani wa kumbishia? Mumewe mwenyewe alikuwa hathubutu.

Sasa Firoz, mwanawe, akajitia kitanzi kwa mkono wake. Kwenye kikao cha watengenezaji wa vitafunwa huko Mbeya aliahidi kupunguza chumvi mpaka kiwango walichokubaliana. Hakulazimishwa na mtu. Ilikuwa hiari, na wengine walikataa mchana kweupe. Lakini yeye alikuwa anamuwaza mama yake. Presha ilikuwa juu, daktari kamkataza chumvi, na bado kila asubuhi anaonja chevda gao zima. Umwambie aache kuonja? Thubutu! Ungekuwa umemzika akiwa hai.

Basi Firoz akapunguza kimyakimya, leo kidogo, mwezi ujao kidogo, akimtazama Mama kila anapotafuna. "Imekaa sawa," Mama husema, naye hushusha pumzi. Hivyo hivyo mpaka kiwango kikafikiwa, na mama wa watu hana habari.

Ndipo Anyelwisye akaja kusalimia, kopo la bati mkononi. Huyu alikaanga chevda hapo hapo miaka mingi kabla ya kufungua karakana yake Rujewa.

"Shikamoo, Mama. Nimekuletea chevda yangu, ile ile uliyonifundisha. Kule Mbeya walitaka tupunguze chumvi, nikagoma. Niharibu mkono wa Mama? Siwezi."

Firoz akatamani ardhi ipasuke. Mama akachota, akatafuna, akatema kiganjani.

"Astaghfirullah! Chumvi gani hii? Mimi sikukufundisha hivi, wee mtoto!"

Anyelwisye akaduwaa, machozi yakamlengalenga, maskini. Firoz akashindwa kuvumilia.

"Mama, usimwonee. Hii ndiyo yako. Yetu ndiyo iliyobadilika. Nimekuwa nikipunguza tangu mwaka jana bila kukwambia. Nisamehe."

Akasubiri radi. Mama hakufoka. Alionja tena, taratibu, macho kafumba.

"Kweli, ni hii hii," akasema. "Aamir alikuwa anamaliza bakuli zima kila jioni, nami namuongezea. Mpaka kiharusi kikamlaza. Nilikuwa nampenda, jamani. Nilidhani namfurahisha."

Firoz alimshika mkono.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamgeukia Anyelwisye.

"Mwanangu, kwako nani anaipenda sana chevda hii?"

"Baba. Siku haipiti bila kuila."

Mama akalifunika kopo, akalipakata kwa mikono miwili.

"Hili halirudi kwa baba yako," akasema. "Firoz, mfungie ya kwetu. Na wewe Anyelwisye kaa hapo, nikufundishe upya."